Sikio la Ukuta

Kwa miaka minane nilikuwa herufi tatu:
NGE.
Kwenye milango ya mabati ya Mwembe Tayari,
kwenye nguzo za Makupa, mkebe ndani ya shati,
viatu mkononi, Mwero akilinda kona kwa mluzi.
Mama aliniita Shekuwe.
Askari wa kaunti hawakuniita. Walinikimbiza tu.

Ukuta nilioupenda ulikuwa Shimanzi,
mgongo wa ghala la pamba lililofungwa kabla sijazaliwa.
Nikiandika Ijumaa, Jumatatu wamepaka chokaa.
Naandika juu ya chokaa. Wanapaka juu ya maandishi.
Ndivyo tulivyozungumza, mimi na serikali,
na hakuna aliyemjibu mwenzake.

Siku ya buldoza sikuwepo.
Mwero alinipigia: «Njoo utazame, wamekuchinja.»
Nikakuta ukuta umelala chali,
na pande moja, kubwa kama gunia la mbata,
bado lina mkia wa G.
Pale lilipovunjika, matabaka yalijifunua
kama ya chapati iliyosukumwa na mtu mvumilivu:
chokaa, nyekundu, chokaa, buluu,
uso wa mgombea aliyeshindwa, chokaa,
na chini ya yote hayo, jiwe la matumbawe
lenye kombe ndogo ndani yake, nzima,
isiyojua hata mmoja wetu.

Mwenye mkokoteni aliuliza: «La kaburi?»
Nikamwambia bado sijajua.

Nilinunua patasi. Nikaenda Jomvu
kwa Mbeyu, avunjaye kokoto tangu mwanawe wa kwanza,
nikamlipa mia tatu anionyeshe.
Nilipiga nilivyozoea kuandika:
upesi, bega juu, shingo imegeuka.
Jiwe likamwaga meno.
«Mbona watazama nyuma?» akasema. «Nani yuwaja?»

Hakuna aliyekuwa akija.
Hilo lilinitisha kuliko kirungu.
Jua la saa nne, watu wanapita na ndoo zao,
na mimi nimekaa kitako juu ya kigae,
sina wa kumkimbia.

Rangi ina huruma: ukikosea, unafunika.
Jiwe hulifuniki. Ukilikata pua
itabidi utafute uso usiokuwa na pua.
Nilianza kuchonga nge. Mkia ukakatika.
Nikachonga ngumi, ikawa kiazi.
Mbeyu alicheka mpaka akaketi.

Mwero alikuja mara moja, akakohoa vumbi,
akasema, «Umekuwa fundi wa makaburi,»
hakurudi tena.
Mwezi uliopita, sokoni Kongowea, nimeiona NGE mbichi,
rangi bado inachuruzika,
E imeinama kushoto, kama anavyoinama yeye.
Nilisimama pale na mfuko wa nyanya
kama aliyesoma jina lake kwenye tangazo la waliofiwa.
Sikujua nikasirike au nishukuru.

Husemwa kuta zina masikio.
Miaka minane niliupigia ule kelele,
sikuwahi kuuliza sikio lake liko wapi.
Basi nikalitafuta. Miezi mitano.
Lilikuwa upande wa ile kombe.
Nilifuata mviringo wake kwenda ndani,
na ndani, mpaka patasi ikaishiwa njia.
Kwenye ndewe nikaacha wekundu wa G,
kipuli kimoja, kisichotoka.

Mama alilizunguka, mkono kiunoni.
«Sikio halipiti kichwa,» akasema.
«Na hili, kichwa chake kiko wapi?»
«Kimebomolewa.»
Akaliwekea mkono kidogo, kama apimaye homa.

Nimelirudisha Shimanzi mchana kweupe,
kando ya uzio wa mabati. Mlinzi akauliza ni la nani.
Nikataja jina langu lote, na la baba,
akaandika kitabuni, akakosea herufi.
Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi sikio limejaa maji,
na kunguru, mjuvi kama wote wa mji huu,
ametumbukiza mdomo humo,
anakunywa,
anatazama nyuma, anakunywa.